Aliyesikia Lugha Zote Mbili

3 Februari

Mama,

Mwalimu wetu anasema barua isiyo na salamu ni sawa na kuingia nyumbani kwa watu kupitia dirishani. Basi hodi. Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wa Bibi, na huo ndio ulionishikisha kalamu.

Kwenye simu unanijua, naganda. Mjomba ananipa simu, anasimama hapo hapo akinisikiliza, na kila nilichopanga kukuambia kinayeyuka. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Shuleni siku hizi wananiita Redio, eti redio isiyo na betri. Hata Mjomba kalidaka jina hilo. Nimezoea.

Kile kidonda cha kidole gumba, kilichoanza na kiatu kubana, hakijapona. Kimeanza kuwa cheusi pembeni. Ni kisukari hicho. Bibi bado anashona, lakini cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja, na wateja wanasema sasa hata mlio wake unachechemea.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Nesi tuliyemzoea amekwenda kujifungua. Daktari aliyepo ni mgeni, kijana mrefu, katika lugha yetu anajua neno "pole" tu. Anaongea ile tunayofundishiwa shuleni. Walitaka kumwita karani wa mapokezi aje atafsiri, Bibi akakataa. Alisema hawezi kuvuliwa soksi mbele ya karani, na kwamba mdomo wake amekuja nao, akanisukuma mbele. Mimi, Mama, ninayeshindwa hata kusema "nipo" wakiita majina darasani.

Chumba cha vidonda kina kitanda cha plastiki ya kijani, na kioo cha dirisha kimepakwa rangi nusu ili walio nje wasichungulie. Bibi alinitazama midomo muda wote, kama mtu anayemtazama mtoto akipiga hatua ya kwanza. Nikawa natafsiri huku na huku. Daktari anasema tuendelee kusafisha kila asubuhi, na ameongeza vidonge. Asiukanyagie sana. Ndiyo hayo.

Mezani Mjomba alisema mama yake alikuja duniani na miguu miwili na hakuna daktari wa kumpunguzia, na akiletewa habari za msumeno yeye yuko tayari na spana zake za baiskeli. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema kama lazima kitu kikatwe nyumba hii, waanze na ulimi wa Mjomba.

Usijali sana. Bibi anauliza kama huko wanakulisha.

Mwanao,
Redio


17 Februari

Mwanangu,

Karibu, umepita mlangoni. Barua yako imenikuta nikifua, nikaisoma na mikono yenye povu, ndiyo maana hii yangu inachelewa, nilisubiri ile yako ikauke niisome tena.

Kazi ni ile ile. Kila asubuhi namwogesha huyu bibi wa watu, na huwa naanzia miguuni. Ana nyayo laini, hajapata kukanyaga cherehani maishani mwake. Namkausha katikati ya vidole kimoja kimoja, kama nilivyoelekezwa, na moyoni nasema, wewe si wangu. Wangu yuko kule na mtoto ndiye anayemfunga bandeji.

Nina swali, na unijibu sawasawa. Daktari hakutaja kukata? Mama wa dereva wa hapa alikuwa na kidonda cha namna hiyo. Walimkata mapema, na leo anatembea kwa fimbo na kugombana na majirani kama zamani. Mkirudi, muulize daktari waziwazi. Na kama ndivyo anavyotaka, mwambie Bibi kwamba mimi nimesema akubali. Mwambie cherehani nitamnunulia ya umeme. Mwambie namtaka yeye, sihesabu miguu.

Mjomba wako naye apunguze mdomo. Kwake kila kitu ni kichekesho.

Nimejivunia, unajua? Wewe uliyekuwa ukificha uso kwenye gauni langu mgeni akibisha hodi, leo daktari anakusubiri wewe ndipo aseme. Mungu akulindie mdomo huo.

Mama


4 Machi

Mama,

Nimemuuliza. Anasema vilevile, kusafisha na vidonge. Ujumbe wako nimempa Bibi. Amefurahi kuhusu cherehani.

Daktari alikuwa amekunja uso, Bibi akataka kujua ana nini. Nikamwambia kichwa kinamuuma. Bibi akampa pole, na daktari akaitikia, maana hilo neno analijua.

Chumba cha Bibi tunakiacha madirisha wazi mchana kutwa kwa sababu ya harufu. Wateja wakija anavaa soksi mbili. Jana alikosea kukata shati la sare la mtoto wa jirani, akatoa mikono miwili yote ya kushoto. Amecheka, akasema mtoto huyo atakuwa anapunga tu. Lakini Bibi hajapata kukosea kukata.

Nina mtihani wiki ijayo. Sitaandika kwa muda.

Redio


6 Aprili

Mwanangu,

Nimeambiwa mmemzika vizuri, na kwamba watu walikuwa wengi mpaka wengine wakasimama barabarani. Mimi niliomba ruhusa, nikapewa pole na siku moja ya kupumzika. Niliitumia nikiwa nimekaa kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu mashine zile zinapiga kelele na mtu akilia hasikiki.

Sasa nisikilize. Mjomba wako alipokwenda kuchukua cheti cha kifo, daktari alimweleza kupitia kwa karani kwamba alitaka kumkata mama mguu tangu siku ya kwanza. Alimwomba mara mbili, na mara zote mbili mgonjwa akakataa. Mjomba alinipigia akilia, anaapa kwamba hakujua lolote.

Na mimi nina barua zako mbili zinazosema kusafisha na vidonge. Nimekaa nazo, nimeelewa. Bibi alikukataza usiniambie. Mama yangu namjua, akisema jambo lisivuke kizingiti halivuki. Wewe sikulaumu. Mtoto atamshindaje bibi yake?

Ninayemlaumu ni mdogo wangu na misumeno yake ya mezani. Mama alikuwa anaogopa, na yeye akaugeuza woga ule kuwa mchezo, mpaka ikawa aibu kwa mama kukubali. Nimemwambia asinipigie tena. Nimemwambia tulikuwa na mama mmoja, na yeye amemuua kwa mdomo.

Ninalo ombi moja tu kwako. Ulikuwa mle chumbani. Alikataa akisemaje? Sitaki maelezo, nataka maneno yake, jinsi yalivyotoka. Sikumwona, sikumwosha, sikumfunika. Nipe angalau maneno.

Mama


19 Aprili

Mama,

Alisema hivi: "Nilikuja duniani na miguu miwili, nitarudi kwa Mungu na miguu miwili. Mwanangu asilie, mimi nimeridhika."

Aliyasema taratibu. Hakuwa na hofu.

Na ndiyo, alinikataza.

Mama, mpokelee Mjomba simu. Anajaribu kila Jumamosi, kisha anaifuta simu kwa shati kama vile ndiyo yenye kasoro.

Redio


3 Mei

Mwanangu,

Nimeyaandika nyuma ya picha yake. Asubuhi kabla sijamwamsha huyu bibi nayasoma kwanza.

Ni maneno mazuri kuliko nilivyomjua. Mama yangu hakuwa mtu wa kuridhika, alikuwa mtu wa kusema chumvi imezidi. Lakini labda mtu akikaribia kuondoka Mungu humpa namna nyingine ya kusema.

Kuhusu mjomba wako, usiniombe. Hayo ya kuja na miguu miwili ni maneno yake yeye. Uliniandikia mwenyewe mwezi wa pili, alipoyasema mezani. Mama alikwenda kuikataa dawa kwa mdomo wa mwanawe. Sasa nina ushahidi, na umetoka kwako.

Kula vizuri. Soma.

Mama


12 Mei

Dada,

Simu hupokei, basi nimeazima kalamu ya Redio. Ukikuta alama ya kidole hapa chini usidhani ni muhuri wa serikali, ni grisi.

Sikuandikii kujitetea. Ulivyosema nimemuua mama kwa mdomo, nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nimelizungusha neno lako hapa bandani kwangu wiki nyingi, katikati ya baiskeli za watu, na kila nikiligeuza linakaa vile vile. Alikuwa anaogopa, Dada. Mimi nikimwona mtu anaogopa sina kingine cha kumpa zaidi ya kumchekesha. Baba alipokufa si nilikuchekesha wewe? Ukanipiga, lakini ulicheka.

Redio amekonda. Nguo zangu za kazi anafua bila kuambiwa, viatu anapiga rangi, chakula ananipakulia kingi kuliko chake. Nadhani ananihurumia. Ni mtoto mwema, usimwache aingie katika ugomvi wetu.

Jumapili tuna mhubiri mgeni, na mchungaji amemwomba Redio asimame naye atafsiri. Amekataa mara tatu, mchungaji kamshinda. Mimi nimeamua siku hiyo nitakwenda mbele. Tangu utotoni tumeambiwa Mungu anaona na yaliyofichwa. Langu halikufichwa hata kidogo, nililisema mezani watu wakila. Lakini sijapata kulikiri. Afadhali nisimame mwenyewe kabla sijaitwa.

Sikuombi unisamehe. Naomba ujue tu kwamba sibishi.

Mdogo wako


20 Mei

Mama,

Usiisome hii jikoni. Tafuta mahali ukae.

Jumapili nilisimama mbele, na maikrofoni yangu, kando ya mhubiri. Kabla hatujaanza alinifundisha kazi: mkalimani hasemi "anasema kwamba." Yeye akisema "mimi," na mimi niseme "mimi," kana kwamba ni mtu mmoja mwenye midomo miwili. Nilifurahi, kwa sababu nikiwa yeye siwi mimi, na aibu haina wa kumshika.

Somo lake lilikuwa dhambi ya siri. Anasema sentensi fupi, anasubiri. Alisema yupo mtu hapa aliyetenda jambo ndani ya chumba kilichofungwa. Nikasema yupo mtu hapa. Alisema mtu huyo anaamini kwamba hakuna aliyeelewa kilichotokea. Nikalisema na hilo. Watu wakaitikia amina, na mimi sikujua wanamwitikia nani kati yetu. Kisha akanigeukia huku akitabasamu, akatania kwamba yeye anamhitaji binti huyu ili aeleweke, lakini Mungu hahitaji mkalimani, keshasikia kabla binti hajafungua kinywa. Kanisa zima likanisubiri nitafsiri. Nilitafsiri, Mama. Wakacheka vizuri kabisa.

Hapo ndipo Mjomba aliposimama. Alivaa shati lile la mazishi. Alikuja mpaka mbele akapiga magoti, na mtu wa maneno mengi kama yeye akasema machache. "Mama yangu alikataa matibabu kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemuua."

Mhubiri akanigeukia, akauliza anasemaje.

Mkalimani anasema "mimi." Nikasema, kwa lugha ya shule, mbele ya watu wote wanaonijua, kwamba alikufa kwa sababu yangu, kwamba mimi ndiye niliyemuua. Nililia nikisema. Mhubiri akanipigapiga begani kwa kuwa natafsiri kwa moyo, kisha akainama akamwekea mikono Mjomba, wakamwombea Mjomba, na akina mama wakamkumbatia Mjomba. Baada ya ibada mchungaji aliniambia nina kipawa.

Sasa nakuambia, na sasa simtafsiri mtu.

Bibi hakukataa. Bibi hakuulizwa.

Siku ya kwanza, tukiwa bado kwenye benchi, alinishika mkono akasema, "Huyu akitaja kukata, mimi neno hilo sitaki kulisikia." Tukaingia. Daktari akasema ni lazima akate chini ya goti, wiki ile ile, sumu inapanda. Bibi akaniuliza anasemaje. Alikuwa ananitazama midomo. Nikaona kwamba mimi naweza kufanya asilisikie. Ni jambo ambalo kwa kweli nilikuwa naliweza, na mambo ninayoyaweza ni machache. Nikamwambia anasema tusafishe. Daktari naye akauliza kama amekubali. Nikasema amekataa. Katika lugha ya shule ni maneno mawili tu, na yote mafupi. Akamtazama Bibi kama mtu anayemtazama mkaidi, na Bibi akamtabasamia.

Nilidhani nitalisawazisha baadaye. Nilidhani vidonge vitasaidia.

Halafu ukaja ujumbe wako. Niliukariri wote, na cherehani ya umeme, na kwamba huhesabu miguu. Tukarudi hospitali. Daktari akarudia yale yale, safari hii kwa ukali. Nikafungua mdomo nimwambie Bibi, nikaona kwamba nikisema leo atajua nilimdanganya siku ile. Nikasema tena tusafishe. Siku ya kwanza nilimhurumia Bibi, Mama. Siku ya pili nilijihurumia mimi. Hiyo ya pili ndiyo inayoniamsha. Ujumbe wako hakuupata kamwe. Aliondoka bila kujua kwamba ulimwambia akubali.

Mle chumbani tulikuwa watatu, na aliyesikia pande zote nilikuwa mimi tu. Ndivyo nilivyojiambia. Shule ya Jumapili walitufundisha kwamba Mungu anaona gizani, kabatini, chini ya kitanda, na mimi hayo yote niliyaamini, nilikuwa siibi hata sukari. Ila sijui kwa nini, nilimchukua kuwa wa nyumbani, Mungu wa Bibi, wa lugha ya Bibi. Haikunijia kwamba na ile ya shule anaisikia.

Maneno uliyoyaandika nyuma ya picha niliyatunga. Sikuwa na maneno, nikaazima ya Mjomba. Sikufikiri kwamba utayatambua. Hakunikataza chochote.

Mjomba bado hajui. Jana ameniletea viatu vipya vya shule, kwa ajili ya kutafsiri vizuri.

Mwanao


28 Juni

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Kila nikianza kujibu, mkono unaandika mambo ambayo sitaki uyatunze.

Sitasema nimekusamehe. Huyo anayeona angeona kwamba bado. Nina hasira na wewe, mwanangu, hasira ambayo sijapata kuwa nayo kwa mtu wa tumbo langu. Juzi nilimsugua huyu bibi mpaka akalia, ikabidi nipige magoti bafuni nimwombe radhi, na hakuelewa namwomba radhi ya nini. Nawaza ile siku ya pili. Nawaza ujumbe wangu ukiwa mdomoni mwako, umefika mpaka pale, hatua moja kutoka kwa mama, ukaumeza.

Lakini nikimaliza kukutazama wewe, nabaki nami ninatazamwa. Nilimwita mdogo wangu muuaji. Nilisema nina ushahidi. Na kabla ya hapo, nilijua una miaka kumi na sita na unaogopa kuitikia jina lako, na bado nikafurahi kwamba wewe ndiwe utakayebeba maneno ya aina hiyo kutoka kwa daktari mpaka kwa bibi yako, kwa sababu ilinifaa. Karani alikuwepo. Mjomba wako alikuwepo. Ningeweza kupiga simu nikasema mtoto asiingie peke yake. Sikupiga. Hilo halifuti lako. Nimelisema kwa sababu ni kweli.

Nyuma ya picha nimepafuta.

Fanya mambo mawili. Mwambie mjomba wako, kwa mdomo, si kwa karatasi, na usisubiri akuulize. Kisha niandikie alichosema mama kweli mle ndani. Hata kama ni neno moja. Hata kama alilalamika. Usinitengenezee.

Mama


15 Julai

Mama,

Nimemwambia.

Nilimkuta bandani anakaza spoki za gurudumu. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia benchi mpaka viatu vipya. Aliendelea kuzungusha gurudumu hadi likasimama lenyewe. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza swali moja tu: "Hata ile siku nimepiga magoti, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo, nilikuwa najua. Aliweka gurudumu chini, akanawa mikono, akaondoka na kuacha banda wazi na baiskeli za watu ndani. Nilikaa nikazilinda. Aliporudi alifunga, tukatembea hadi nyumbani, yeye mbele.

Tangu siku hiyo anakula mimi nikishaondoka mezani. Haniiti Redio tena. Ananiita jina langu, na akiliita ni kama anamwita mtoto wa jirani. Ulipompokelea simu nilisikia kupitia ukutani. Alisema jambo nikasikia anacheka kidogo, kisha hakikuwa kicheko tena. Nilitoka nje ili nisisikie yasiyonihusu.

Daktari naye nilimfuata. Nilimwambia kwa lugha yake kwamba mgonjwa yule hakuwa mkaidi. Alikaa kwenye kile kitanda cha kijani. Aliniuliza nina miaka mingapi, nikamwambia, akafunika uso.

Sasa ulichoniuliza. Sijatengeneza kitu.

Ile siku ya pili, alipokuwa akisema kwa ukali, daktari alipitisha kidole kwenye mguu wa Bibi, chini ya goti, kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Bibi alikitazama kidole. Kisha akanitazama mimi, akauliza anasemaje. Nikasema anasema tusafishe. Hakuondoa macho usoni kwangu. Sijui alielewa nini, Mama. Natamani kuamini kwamba alijua, kwamba alikiona kile kidole na akachagua mwenyewe, na kwa sababu natamani hivyo siwezi kujiamini. Kama alijua, ni Mungu tu aliyemwona akijua. Siku moja nitaambiwa, na naiogopa siku hiyo, na naisubiri.

Alichosema ni hiki. Alivuta soksi yake juu, akasema, "Haya. Mwambie asante." Halafu akanishika shingoni kwa nyuma, kama anavyofanya, akasema, "Twende nyumbani, mwanangu. Umechoka."

Mwanao